Mtoro ni Nani? Habari za Watoto Wakosao Shule Katika Nchi ya Kusini, Toka Zamani Hata Sasa



Neno "mtoro" twalisikia kila siku katika shule zetu. Mtoto akikosa siku mbili tatu, wenzake hupaza sauti wakati wa kuitwa majina, "Mwalimu, huyo mtoro!" Nasi huandika alama daftarini, tukaendelea na somo. Lakini neno hili lina umri mkubwa kuliko shule zetu zote, na maana yake ya kwanza haikuwa ya mtoto. Yafaa tulichunguze, kisha tufuate habari za jambo lenyewe toka zama za utumwa mpaka siku hizi, tupate kujua ni nani aliyebebeshwa mzigo wa mtoto asiyehudhuria, na ni kitu gani kilichomrudisha.

Zamani, katika pwani yetu, mtoro alikuwa mtumwa aliyemkimbia bwana wake. Watoro walikusanyika mbali na miji, wakajenga vijiji vyao wenyewe. Vijiji vya namna hiyo vilikuwako nyuma ya Pangani, na katika pwani ya Kenya pia. Mwaka 1888 walionekana watoro zaidi ya 1,400 waliokimbilia Rabai na vituo vingine vya misheni karibu na Mombasa, hata George Mackenzie wa Kampuni ya Waingereza ya Afrika ya Mashariki akawalipa mabwana zao fedha, ili watu wale wapate uhuru wao. Bwana alimwita mtu wake mtoro kwa hasira. Lakini kila mtu alijua ya kuwa mtoro hakukimbia bure. Alikuwa na jambo alilolikimbia, na mahali alipopakimbilia. Neno lilipoingia shuleni lilichukua lawama peke yake, likaiacha sababu nje ya mlango. Basi katika habari hizi tutaitafuta ile sababu iliyoachwa nje.

Mtu asidhani ya kwamba kabla ya shule hapakuwa na mafundisho katika nchi hii. Kwa Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera, watoto waliingia jandoni na unyagoni, wakafundishwa adabu, kazi, na siri za utu uzima. Huko hapakuwa na haja ya kuita majina, kwa kuwa wali hawakutoka kumbini mpaka mwisho wa mafunzo. Kadhalika katika miji ya pwani, kama Mikindani, Lindi na Kilwa, kulikuwa na chuo cha Kurani. Chuoni kila mtoto alikuwa na ubao wake na mahali pake pa kusoma. Akikosa juma zima kwa kumfuata baba yake baharini, alirudi akaanza pale pale alipoachia, na mwenzake aliyetangulia akamsaidia. Hakuchelewesha mtu, wala hakuachwa na mtu. Twaomba msomaji alikumbuke jambo hili, kwa kuwa tutalirudia.

Shule za misheni zilianza katika hali isiyojua utoro. Askofu Tozer alipofika Unguja mwaka 1864, wanafunzi wake wa kwanza walikuwa wavulana watano waliokamatwa katika jahazi la watumwa, nao Sultani Majid akampa. Watoto wale hawakuwa na mama wa kuwatuma kisimani, wala baba mwenye shamba. Nyumba yao ilikuwa shule, na shule ilikuwa nyumba yao. Mwaka 1876 Askofu Steere aliwachukua watu waliopewa uhuru, akaja nao bara kwa njia ya Lindi, akawaweka Masasi. Huko nako watoto waliishi karibu na kengele. Lakini mwaka 1882 Wangoni, walioitwa Magwangwara, waliivamia Masasi, wakaua watu na kuteka wengine. Kijiji kile kikatawanyika, na Chauncy Maples akahamia Newala.

Toka hapo kazi ya waalimu ilibadilika. Ilibidi waende katika vijiji vya watu huru, ambako misheni haikuwa na amri juu ya mtoto ye yote. Mfano mzuri ni Padre Cecil Majaliwa. Yeye alikuwa mtumwa utotoni, akasomeshwa Kiungani, akapelekwa Chitangali kwa Nakaam, mkubwa wa Wayao, aliyebatizwa kwa jina la Barnaba. Mwaka 1890 Majaliwa akawa Mwafrika wa kwanza wa misheni ile kupewa upadre. Mwalimu wa namna hiyo hakuwa na askari wala sheria. Alikuwa na ngoma au kengele ya kuitia, na miguu ya kwendea nyumba kwa nyumba, na urafiki wa mkubwa wa kijiji. Mtoto asipokuja, mzigo wa kumtafuta ulikuwa wa mwalimu mwenyewe. Kazi hiyo ilikuwa ngumu. Lakini ilikuwa na faida moja: mwalimu alijua mtoto yuko wapi, maana alikwenda kwao akamwona.

Serikali ya Wajeremani ilifungua shule Tanga mwaka 1892, kisha katika miji mingine ya pwani. Shabaha yake ilikuwa kupata makarani, wakalimani, na maakida wajuao kusoma na kuandika. Katika shule hizo mzigo ulitwikwa jumbe na akida: waliagizwa walete watoto, nao wakawaleta. Lakini mtoto aletwaye kwa amri hukaa maadamu amri ingali imesimama karibu naye. Kufikia mwaka 1914 shule za Serikali zilikuwa karibu 100, zenye wanafunzi zaidi ya 6,000; na za misheni zote pamoja zilikuwa zaidi ya 1,800, zenye wanafunzi zaidi ya 150,000. Hesabu hiyo ni kubwa. Walakini ni hesabu ya majina yaliyoandikwa, na kila mwalimu ajua ya kuwa majina yaliyoandikwa na watoto walioketi ni hesabu mbili mbalimbali.

Kisha vita mbili ziliipita nchi yetu. Mwaka 1905, katika Vita vya Maji Maji, vituo vya Masasi, Lukuledi na Nyangao vilichomwa moto. Mwaka uliofuata Wabenediktini wakaanza kujenga Ndanda. Mwaka 1914 vita kuu ikaanza. Wamisionari wa Kiingereza wakafungwa, na pamoja nao waalimu wengi Waafrika. Mwezi wa Oktoba mwaka 1917 majeshi yalipigana Mahiwa, karibu na Nyangao, vita vikali sana. Na mwezi wa Novemba Jemadari von Lettow-Vorbeck akavuka Ruvuma kuingia nchi ya Wareno. Wanaume wakachukuliwa kubeba mizigo, na njaa na maradhi yakafuata. Katika miaka hiyo hapakuwa na haki ya kumwita mtoto mtoro. Shule yenyewe ndiyo iliyomkimbia mtoto.

Waingereza walipotawala, tume ya Phelps-Stokes ilikuja Tanganyika mwaka 1924, na ndani yake alikuwamo Mwafrika mmoja, Dr. James Aggrey, mzaliwa wa Gold Coast, ambayo leo ni Ghana. Mwaka 1925 Serikali na wamisionari walikutana Dar es Salaam, na mwaka 1927 sheria ya elimu ikatolewa. Tangu hapo shule za misheni zilizotimiza masharti zilipewa msaada wa fedha, nazo zikakaguliwa. Hapo ndipo daftari la mahudhurio lilipokuwa kitu kikubwa. Mkaguzi alipofika alilitaka, akalinganisha majina na watoto. Shule ndogo za vijijini zisizopata msaada, ambamo katekista alifundisha kusoma na dini kwa saa chache, ziliendelea kwa desturi ya zamani: mtoto alikuja alipopata nafasi.

Wako watu waliodhani ya kwamba kukosa shule ni tabia ya Waafrika. Hao hawakusoma habari za Uingereza. Mwaka 1862 Serikali ya huko iliweka kanuni ya kuzipa shule fedha kwa kadiri ya mahudhurio ya watoto na majibu yao katika mtihani. Basi kila mtoto aliyekosa alikuwa hasara ya fedha. Ikawa watoto wagonjwa huletwa siku ya mkaguzi, na baadhi ya waalimu wakaandika kuwa wapo watoto wasiokuwapo. Kanuni hiyo ilidumu mpaka miaka ya 1890, kisha ikaachwa, kwa kuwa ilionekana ya kwamba daftari linaloleta fedha hujifunza kusema uongo. Mwaka 1880 sheria ikawalazimisha watoto wa miaka 5 hata 10 kuhudhuria; lakini vitabu vya kumbukumbu vya waalimu wakuu wa vijijini vyaonyesha bado watoto wakikosa kwa sababu ya mavuno, na kuokota viazi, na kulinda ndege mashambani. Katika nchi ya Kent likizo yenyewe ilipangwa kwa kufuata mavuno ya mmea utiwao katika bia. Twaona basi ya kuwa mtoto wa mkulima ni mamoja kila mahali: shamba likimwita, humwita kwa sauti kubwa kuliko kengele.

Hapa kusini yuko aliyetambua jambo kama hilo kwa upande wa desturi. Vincent Lucas, aliyewekwa mwaka 1926 kuwa Askofu wa kwanza wa Masasi, aliona ya kuwa Wakristo hawawezi kuliacha jando. Kijana asiyepita kumbini alihesabika mtoto siku zote. Na aliyepita kumbini pasipo Kanisa kujua alirudi akiwa mtu wa njia mbili. Askofu Lucas hakulikataza jando. Bali alilitia mikononi mwa Kanisa, likapata mafundisho ya Kikristo na wasimamizi wa Kikristo. Watu wengi wamejadili kama alifanya vema katika mambo ya dini, nasi hatutaingia katika mjadala huo. Kwa habari ya shule twaona neno moja: mtoto hakuachwa achague kati ya kuwa mtu wa kwao na kuwa mwanafunzi. Wakubwa walikaa pamoja, wakatafuta njia ya mambo yote mawili.

Baada ya vita ya pili likaja jambo jingine. Mwaka 1947 Waingereza walianza mpango mkubwa wa karanga, na sehemu moja ya mpango huo ilikuwa Nachingwea. Kwa ajili yake bandari ya Mtwara ilianza kujengwa, na reli ikatandikwa. Mwaka 1951 mpango wenyewe ukavunjika, na katika miaka ya 1960 reli ikang'olewa. Lakini kwa muda ule wanaume wengi wa nchi hii waliondoka kwenda kutafuta mishahara; na baba akiondoka, jembe humwangukia mama na watoto. Mtoto akikosa shule mwezi wa kupalilia, twaweza kuuliza kwanza: je, nani amebaki nyumbani mwao?

Tulipopata uhuru mwaka 1961 watoto wengi walikuwa hawajaona darasa. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere aliandika Elimu ya Kujitegemea, akalaumu elimu inayowatoa vijana wenye nguvu shambani na kuwafundisha kuidharau kazi ya wazazi wao. Akataka shule iwe na shamba, na wanafunzi wawe na dhamana ya kweli katika kazi zake. Mwaka 1974, katika mkutano wa Musoma, chama cha TANU kilikata shauri kwamba ifikapo mwaka 1977 kila mtoto wa rika la shule apate nafasi. Kisha Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ikamlazimu mzazi kumwandikisha mtoto aliyefika miaka 7, na kuhakikisha anahudhuria mpaka amalize elimu ya msingi. Hivyo mzigo, ambao kwanza ulikuwa wa mwalimu, kisha wa jumbe, ulitwikwa mzazi kwa sheria ya nchi nzima.

Sheria hiyo ilikuwa na nia njema, nasi twaiheshimu. Lakini katika miaka ile ile ya 1970 watu wa Mtwara walihamishwa wakakae katika vijiji vikubwa, na mikorosho yao ikabaki mbali. Mavuno ya korosho ya Tanzania, yaliyokuwa kama tani 145,000 katika msimu wa 1973/74, yakaanguka hata chini ya tani 20,000 katika msimu wa 1986/87. Umbali wa mashamba ulikuwa sababu mojawapo. Na bei, na ugonjwa wa ubwiriunga, zilikuwa nyingine. Mkulima aliyetaka kuokoa mikorosho yake alihamia shambani msimu mzima, akijenga kibanda huko. Mtoto wake akawa na mambo mawili tu: kufuatana na wazazi na kuikosa shule, au kubaki kijijini kwa bibi yake na kujitafutia chakula. Katika miaka ya 1980 michango ya shule ikarudi, watoto wakapungua. Ada ya elimu ya msingi ilipofutwa tena kuanzia mwaka 2001, wanafunzi wa nchi nzima wakaongezeka toka milioni 4.4 hivi mwaka 2000 hata milioni 7.5 mwaka 2005. Hapo mlango ulifunguka. Lakini darasa likajaa, na katika darasa la watoto 90 au 100 ni rahisi sana mmoja kukosekana pasipo kuonekana.

Hatuwezi kuyaacha mambo ya fimbo. Kwa miaka mingi fimbo ilikuwa jibu la haraka la utoro. Kanuni za mwaka 2002 zimeiwekea mipaka: isizidi viboko vinne, itolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyemwagiza kwa maandishi, nayo iandikwe kitabuni. Wazazi wengine hutuambia, "Mwalimu, mpige tu, atakuja." Sisi twauliza: mtoto aliyekosa Jumatatu kwa kuwa alitumwa, akijua ya kuwa Jumanne atapigwa, atakuja Jumanne? Yamkini atangoja mpaka Jumatano, na Jumatano hofu yake imezidi. Hapo siku moja ya kutumwa imezaa juma zima la kujificha, naye amekuwa mtoro kwa maana ile ya kale kabisa, yaani mtu anayemkimbia bwana mkali.

Sasa tuje kwa hali ya leo, hapa Naliendele na vijiji vya jirani, mpaka Mikindani, Msimbati na mlango wa Ruvuma. Mwalimu akilisoma daftari lake la mahudhurio kwa makini, ataona ya kuwa kukosa kwa watoto kuna majira yake. Julai na Agosti wako wanaokosa kwa kuwasaidia wazazi kupuliza salfa katika mikorosho. Oktoba mpaka Desemba huokota korosho. Masika ikiisha, katika mabonde ya mpunga, hukaa dunguni kuwalinda ndege. Juu ya tambarare ya Makonde, ambako tangu kale maji yalichotwa chini bondeni mbali sana, wasichana hukosa kwa ajili ya ndoo, bomba likikauka. Na unyago ukiangukia siku za masomo, darasa zima hupungua.

Kwa watoto wa pwani daftari hufuata mwezi wa mbinguni. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, bahari yetu hutoka sana kama saa nne asubuhi, na miamba huonekana. Ndio wakati wa pweza, wa chaza, na wa kutanda uduvi. Ndio pia saa ya hesabu na kusoma. Maji mafu yakirudi, watoto nao hurudi. Mzazi husema, "Ni siku tatu tu." Basi na tupige hesabu pamoja. Bamvua huja mara mbili katika mwezi. Siku tatu mara mbili ni siku 6. Miezi ya masomo tuihesabu 9. Siku zilizopotea ni 54. Mwaka wa shule una siku 194. Kwa hiyo mtoto amekosa zaidi ya robo ya mwaka. Akiendelea hivyo miaka 7, amekosa siku 378, yaani karibu miaka 2 kamili ya shule. Na katika muda huo wote hakuna hata siku moja ambayo mzazi alisema, "Mwanangu ameacha shule."

Kwa nini siku tatu zidhuru hivi, na chuoni hazikudhuru? Hapo ndipo tunapourudia ule ubao wa mtoto wa chuoni. Shule zetu hufundisha darasa zima kwa pamoja. Leo ni kuzidisha, kesho ni kugawanya. Aliyekosa kuzidisha hawezi kugawanya, na kesho kutwa haelewi mabaki. Anaporudi haoni mahali alipoachia, kwa kuwa darasa limekwisha hama. Hukaa nyuma, hunyamaza, huona haya. Na siku nyingine kukosa kwamwia rahisi kuliko kuja. Basi dawa moja ni kumwekea mtoto mahali pake, kama ubao ule ulivyowekwa.

Tueleze namna inavyofanyika. Kwanza, katika daftari, pamoja na alama ya kukosa, mwalimu huandika sababu kwa neno moja: maji, korosho, homa, bamvua, msiba. Baada ya muhula mmoja hujua nani ni mgonjwa, nani hutumwa, na nani hujificha. Na hao watatu hawafai dawa moja. Pili, kila mtoto hupewa mwenzi, nao hukaa karibu. Mmoja akikosa, mwenzi wake humwandikia maneno makuu ya somo, na arudipo hupewa sehemu ya kipindi cha kwanza waelezane. Desturi hii si mpya. Mwisho wa karne ya 18 Andrew Bell huko Madras, na Joseph Lancaster huko London, waliwafanya wanafunzi waliotangulia kuwafundisha wenzao; na katika shule ya Lancaster alikuwako kiranja ambaye kazi yake ilikuwa kuulizia habari za waliokosa. Waalimu wetu wa chuoni walilijua jambo lilo hilo pasipo kufundishwa na Bell wala Lancaster.

Tatu ni habari ya dhamana za darasani: kufagia, kuchota maji ya kunywa, kutunza chaki na vitabu, kufuta ubao, kupiga kengele. Hapa pana swali gumu, nalo huletwa na watoto wenyewe. Husema, "Mwalimu, sisi tunaokuja kila siku ndio tunaofagia. Yeye anayekosa hafagii, kisha twaandikiana sawa. Haki iko wapi?" Swali hili si la kudharauliwa. Waalimu wengine hujibu kwa kumnyang'anya aliyekosa dhamana yake, wakampa mwingine. Wengine humfagilisha uwanja mzima kuwa adhabu. Njia ya kwanza humwondolea mtoto kamba ya mwisho iliyomfunga na darasa; kwani asipokuja, hapana kinachosimama kwa kukosa kwake. Njia ya pili huwafundisha watoto wote ya kuwa kufagia ni aibu ya wakosaji. Na tukiwafundisha hivyo, tusishangae wakikua na kuidharau kazi ya mikono.

Sisi twaona ni bora dhamana ibaki kwa mwenyewe. Mwenzi wake huishika asipokuwapo, kisha arudipo hulipa zamu zile zile alizoshikiwa, si zaidi, si pungufu, akishirikiana na wenzake bila ya kutahayarishwa. Hivyo wanaohudhuria hupata haki yao, na anayekosa hujua ya kuwa kuna kazi yenye jina lake inayomngoja. Mtoto mwenye ufunguo wa kabati la vitabu hufikiri mara mbili kabla ya kwenda pwani, kwa kuwa ajua darasa zima litamwulizia. Mkono mmoja haulei mwana, na darasa nalo ni mikono mingi.

Nne, mtoto akikosa siku tatu mfululizo pasipo habari, mwalimu au mjumbe wake huenda nyumbani kwao kabla juma halijaisha. Twajua ya kuwa waalimu ni wachache na njia ni ndefu. Lakini yule mwalimu wa Chitangali hakuwa na baiskeli wala simu. Na siku hizi simu moja kwa mzazi huweza kumaliza jambo ambalo barua ya kumwita barazani italiharibu.

Kwa wasichana neno hili ni zito zaidi. Msichana aliyetoka unyagoni huanza kuitwa mtu mzima angali darasa la nne au la tano. Kukosa kwake kukizidi, pengine mchumba yuko njiani. Mwaka 2016 sheria ya elimu ilirekebishwa, ikaweka kifungo cha miaka 30 kwa mtu amwoaye mwanafunzi au kumtia mimba. Tena mwezi wa Novemba mwaka 2021 Serikali ilitoa waraka kwamba wanafunzi walioacha shule kwa sababu mbalimbali, na wasichana waliojifungua pia, waruhusiwe kurudi. Waraka umefungua mlango. Lakini msichana anayerudi hupita kwanza mbele ya macho ya wanakijiji, na maneno ya kisimani yaweza kumrudisha nyumbani kabla hajafika kwa mwalimu.

Tukizitazama habari hizi zote tangu Kiungani hata leo, twaona ya kuwa kila zama ilitafuta bega moja la kubebea mzigo: bega la mwalimu, la jumbe, la mzazi, na mara nyingi mgongo wa mtoto mwenyewe. Kila zama ilipata majina mengi daftarini. Na kila zama mtoto wa mavuno na wa bamvua aliendelea kukosa, kwa kuwa njaa ya nyumbani na majira ya nchi hayakuitwa katika shauri. Mahali palipofanikiwa ni pale ambapo wakubwa walikaa pamoja wakapatanisha kalenda ya shule na kalenda ya watu, na mwalimu akajua sababu ya kila mtoto.

Basi, ndugu zetu, twawaomba mambo matatu mnayoyaweza bila ya kungoja Serikali. Wazee na manyakanga, unyago na jando viwekwe katika likizo ya Juni au Desemba, kama viongozi wa mikoa yetu walivyokwisha agiza mara nyingi. Wazazi, ikiwa hapana budi mtoto akose, mpelekeeni mwalimu habari siku moja kabla, naye amwekee mahali pake. Tena kazi igawanywe kwa zamu, asikose mtoto yule yule kila bamvua, na hasa asiwe msichana siku zote. Na wote, mtoto akirudi baada ya kukosa, msimsalimu kwa neno "mtoro." Mwulizeni kwanza alikuwa wapi, na ni nani aliyemtuma.